Kutosha

Angekufa, tungejua la kufanya.
Kuna matanga, kuna moto wa usiku kucha uani,
kuna daftari la mchango,
majina upande huu, franka upande ule.
Lakini Kyungu ni mzima, yuko Kolwezi,
anaendesha lori la tani arobaini
na mwisho wa mwezi analipwa.
Nani humlilia mtu anayelipwa?

Alituachia nyimbo sita, nusunusu.
Ule mrefu una dakika kumi na tisa
na unatembea kwa saba,
kama mtu aliyevaa kiatu kimoja.
Watu wa Kamalondo walikuwa wakituuliza:
hii sasa inachezwa kwa mguu gani?
Kyungu akiwajibu kwenye maikrofoni:
ule ambao hamjaota bado.

Chumba chetu kiko Katuba,
nyuma ya kinu cha mahindi cha Mama Mwadi.
Ukutani kuna trei za mayai mia mbili na kumi na mbili;
nilizihesabu kwa tochi.
Kinu kikinguruma, hatuwezi kurekodi.
Kinu kikinyamaza ghafla, umeme umekatika,
hatuwezi kurekodi.
Albamu nzima imeingia kwa ufa
kati ya unga na giza.

Mwezi wa tatu akatuma ujumbe:
*Sauti yangu muitoshe yote. Muimbe benyewe. Njo vile.*

Kwetu hapa kutosha ni kuondoa.
Unatosha chungu motoni, unatosha mtoto kwenye tope.
Kwenye vitabu vya shule neno lilelile
maana yake ni kufika kiasi, kutopungukiwa.
Nilikaa nalo siku mbili, simu mkononi,
nikimsoma mara kwa Kiswahili cha nyumbani,
mara kwa kile cha mwalimu.

Numbi wa kinanda ndiye aliyefuta.
Mstari baada ya mstari, hakusema kitu,
akila karanga.
Kisha tukafungua ngoma zangu peke yake
na humo, chini ya toazi,
alikuwamo.
Mdogo. Kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya reli.

Siku zile aliimba amenigeukia,
hatua mbili kutoka kwangu,
kwa sababu mimi kwenye saba hupotea
na yeye alinihesabia kwa kidevu.
Sauti ikavuja, ikaingia kwenye maikrofoni zangu.
Fundi Kapend akasikiliza, akavua miwani:
ukimkata huyu, toazi linaondoka naye.

Basi kaimba Numbi.
Sauti yake haipandi kule, tukaushusha wimbo,
magitaa yote upya, kinanda upya,
ngoma zilezile.
Kwa hiyo Kyungu yuko chini yake, juu zaidi,
kwenye ufunguo wa zamani,
na hawapatani.
Ukiweka sikio utasikia kitu kinakwaruza,
sufuria ikiburutwa juu ya saruji.
Mwepu alisema tukifunike kwa gitaa.
Akakifunika dakika nne, vizuri sana,
kesho yake akaja mapema akalifuta gitaa.

Jaladani tuko watatu mbele ya terili,
ule mlima mweusi wa makapi ya shaba,
na kushoto kuna nafasi ya mtu.
Hatukuipanga. Ndivyo tulivyozoea kusimama.

Tulimtumia Jumapili.
Wiki nzima, kimya. Nikajiambia migodini mtandao ni mbaya,
nikajiambia mengine pia.
Alhamisi usiku simu ikawaka:
*Dakika ya kumi na moja. Ulihesabu sita.*

Nikavaa visikilizio, nikarudi pale.
Ni kweli. Sita.
Na chini ya toazi, mbali, bila kusita,
anaimeza silabi moja
ili tufike pamoja.